Bekihendi kwa raba ya vipele: mpira unaishia wavuni au unatoka nje ya meza

Mwana wa Rau (Moshi)

Habari zenu, wakuu. Ninaomba ushauri kuhusu jambo linalonisumbua tangu mwezi Machi. Nimecheza mpira wa meza kwa miaka sita, siku zote kwa raketi yenye raba laini pande zote mbili, na kwa kiwango cha ukumbi wetu ninajihesabu mchezaji wa kati. Fohendi yangu, yaani pigo la upande wa mkono wa raketi, inatosha kumtia mtu wasiwasi, lakini bekihendi, lile la upande wa pili wa mwili, ni mlango ulio wazi ambao kila mpinzani anaujua. Mwanzoni mwa mwaka kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa akijitolea hapa mjini alimaliza muda wake, na kabla ya kuondoka akaniuzia raketi yake kwa bei ya kirafiki. Upande mwekundu una raba laini ya kawaida, na upande mweusi una raba ya vipele, yaani vichomozo vidogo vya mpira, vilivyotazama nje. Aliniambia kwamba vipele hivyo vingeficha udhaifu wa bekihendi yangu. Havijauficha, vimeutangaza.

Tatizo lina sura mbili. Mpinzani akinikatia mpira, yaani ukija na mzunguko wa nyuma, ninafanya kama nilivyofundishwa kwa raba laini: ninashusha raketi hadi karibu na goti, kisha ninausugua mpira kutoka chini kwenda juu. Unateleza kwenye vipele kama kipande cha sabuni kilicholowa na kuishia katikati ya wavu. Mpinzani akivuta, yaani mpira ukija na mzunguko wa mbele, ninaupokea kwa pigo la nguvu kuelekea mbele, nao unanyooka bila kushuka, unapita mwisho wa meza na kugonga ukuta. Jumamosi iliyopita niliweka hesabu: katika seti moja ya pointi 11 nilipoteza pointi 7 kwa bekihendi, na 5 kati ya hizo zilitokana na mpira ule ule wa kukatwa, mrefu, kwenye kona yangu ya kushoto.

Nimejaribu kuilaza raketi zaidi, uso ukitazama chini, nimejaribu kurudi nyuma hatua moja, na sijaona tofauti. Ninatumia mkono wa kulia, na mshiko wangu ni ule wa kawaida, kama mtu anayesalimiana kwa mkono. Nirekebishe nini kwanza: pembe ya raketi, kifundo cha mkono, au mahali ninapoukutia mpira?

Kijenge Juu (Arusha)

Pole, ndugu yangu, na karibu katika chama cha vipele. Huu ni mwaka wangu wa nne nikitumia vipele vifupi upande wa bekihendi, na makosa unayoyaeleza ndiyo niliyoanza nayo.

Acha kusugua. Raba laini huushika mpira kwa sababu uso wake wote unaugusa, lakini vipele vinaugusa kwa ncha zake tu, kwa hiyo mshiko ni mdogo na pigo la kutoka gotini kwenda juu halina cha kushika. Mpira uliokatwa upige, usiusugue. Usubiri ufike kileleni baada ya kudunda, au mapema kidogo kuliko hapo, uukute mbele ya tumbo lako ukiwa umeifungua raketi kidogo, uso ukitazama juu, kisha uupige kuelekea mbele na juu kwa safari fupi. Mkono wako usitoke gotini. Utoke kitovuni, na safari nzima isizidi urefu wa shubiri mbili. Kiwiko kikae mbele kidogo ya mwili, kisibanwe ubavuni, maana kiwiko kilichobanwa hukulazimisha kukunja kifundo cha mkono, na hapo pembe ya raketi inabadilika kila unapopiga.

Mpira wa mzunguko wa mbele ni rahisi zaidi ukiuwahi. Uukute unapopanda, kabla haujafika kileleni, raketi ikiwa imelazwa kidogo, na uusukume tu. Kipira hiki kina gramu 2.7, hakihitaji msuli wa kubebea magunia. Unaporudi nyuma hatua moja unajipunja, kwa sababu kinachomuumiza mpinzani katika vipele vifupi ni haraka, na ukirudi nyuma unampa muda wa kujipanga.

Ukipata intaneti nzuri, mtazame Mima Ito wa Japani, ambaye bekihendi yake ni ya vipele vifupi na ndiye aliyechukua dhahabu ya wawili mchanganyiko pamoja na Jun Mizutani katika Olimpiki ya Tokyo. Usitazame mpira, tazama mkono wake: raketi hairudi nyuma ya mwili hata mara moja.

Msafiri wa Himo

Mimi nina mtazamo tofauti, na ninaomba nisieleweke vibaya. Vipele ni njia ya mkato, na mtu mwenye bekihendi dhaifu akiwekewa vipele anabaki na udhaifu ule ule ukiwa umevaa nguo nyingine. Rudi kwenye raba laini, ujifunze bekihendi kama watu wote. Aidha, ukumbi una mchango wake: nikitoka huku kwetu kwenda kucheza Arusha, ambako ni juu kwa mita 500 hivi, ninaona mipira yangu inakwenda mbali zaidi. Huenda hata pale unapochezea kuna dirisha linaloingiza upepo.

Mzee wa Sakina (Arusha)

Nimesoma kwa makini, na ningependa tusimame kidogo kabla hatujamjaza kijana mawaidha. Ndugu wa Himo, hewa nyepesi hupunguza kidogo mvutano wa mzunguko, hilo ni kweli, lakini haiwezi kuutoa mpira mezani hadi ukutani. Na kuhusu njia ya mkato, Deng Yaping wa China alitwaa dhahabu nne za Olimpiki, mwaka 1992 na 1996, akiwa na vipele upande wa bekihendi. Sijawahi kusikia mtu akimwambia kwamba alipita njia ya mkato.

Ndugu wa Kijenge ameeleza vizuri sana namna ya kutumia vipele vifupi. Swali ni moja tu: nani amesema vipele vya Mwana wa Rau ni vifupi? Yeye mwenyewe hajasema. Watu wengi wanaposema vipele hudhani ni kitu kimoja, ilhali vipele vifupi na vipele virefu vinatofautiana kuliko vipele vifupi vinavyotofautiana na raba laini. Aliyezoea kimoja akipewa kingine ni kama dereva wa pikipiki aliyepewa baiskeli: magurudumu ni mawili, lakini ukikanyaga kama ulivyozoea unaanguka.

Kwa hiyo, kijana wangu, nenda kwenye mwanga ukaifanyie raketi yako uchunguzi huu. Weka kidole gumba juu ya vipele na usukume pembeni. Vipele vifupi ni vinene na vigumu, havitalala. Virefu vitalala chini ya kidole kama meno ya mswaki laini. Kisha tazama raketi kwa ubavu. Chini ya vipele kuna sponji nene inayolingana na ile ya upande mwekundu, au ni nyembamba, au haipo kabisa? Vipele vifupi kwa kawaida hubandikwa juu ya sponji ya milimita 1.5 hadi 2, wakati vipele virefu huwekwa sponji nyembamba ya milimita 1 au pungufu, na wapo wanaovibandika kwenye mbao bila sponji. Mwisho, karibu na mpini utafute alama ya ITTF, yaani Shirikisho la Mpira wa Meza Duniani, pamoja na jina la raba. Kama alama haipo, hiyo ni raketi ya mazoezi tu, usiende nayo kwenye mashindano.

Sababu ya kuuliza ni hii. Mtoto anayesukuma ringi la baiskeli barabarani analifanya lizunguke kuelekea mbele. Sasa fikiria ringi hilo limefika kwako, nawe ukalirudisha kwa mtoto bila kuligusa kwa namna ya kuusimamisha mzunguko wake. Litarudi likiwa bado linazunguka vile vile, lakini kwa kuwa safari imegeuka, kwa mtoto anayelipokea mzunguko ule sasa ni wa nyuma. Vipele virefu hufanya kazi hiyo. Vinalala, vinateleza, haviushiki mpira, kwa hiyo mzunguko wa mpinzani unabaki na kurudi kwake ukiwa umegeuka jina: akivuta kwa mzunguko wa mbele anarudishiwa mpira uliokatwa, na akikata anarudishiwa mpira wenye mzunguko mdogo wa mbele. Akikuletea mpira usio na mzunguko, huna cha kumrudishia. Raba laini inaufuta mzunguko wake na kuweka wako. Vipele vifupi viko katikati, vinajali kidogo mzunguko unaokuja na vinakuruhusu kuongeza kidogo wa kwako.

Ukishanipa majibu tutaendelea. Tusimtibu mtu kabla hatujajua anaumwa nini.

Mwana wa Rau (Moshi)

Shikamoo, Mzee. Nimefanya kama ulivyoagiza, na nimeona aibu kidogo kwamba nimeishika raketi hii miezi yote bila kuitazama. Vipele vinalala. Nikisukuma kwa kidole vinajikunja vyote upande mmoja na nikiachia vinasimama tena, na viwili karibu na ukingo wa juu vina ufa kwenye shina. Sponji ipo, ni ya rangi ya machungwa, na kwa rula ya mwanangu haifiki milimita 1. Alama ya ITTF ipo karibu na mpini, ingawa jina la raba limefutika nusu kwa jasho.

Nikikumbuka sasa, kuna mambo yaliyonishangaza ambayo sikuyaandika kwa sababu niliyaona ni bahati. Mara kadhaa nilipochelewa na kuweka raketi tu bila kupiga, mpinzani aliyevuta kwa nguvu aliupeleka mpira wangu wavuni mwenyewe, kisha akaitazama raketi yake kana kwamba ndiyo yenye kosa.

Kijenge Juu (Arusha)

Basi ninafuta nusu ya niliyoyaandika. Ya kiwiko na ya kusimama karibu na meza yanabaki. Ya kupiga mbele kwa haraka yaweke pembeni, maana kwa vipele virefu ndiyo yanayokutoa nje ya meza. Ninamwachia Mzee.

Mzee wa Sakina (Arusha)

Marahaba, kijana wangu. Hiyo uliyoiona ni bahati ndiyo kazi yenyewe ya raba hiyo. Pigo bora ulilonalo kwa sasa ni lile unalolifanya ukiwa umechelewa.

Sasa tuyachukue matatizo yako moja moja. La mpira wa mzunguko wa mbele kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi. Mpira wa raba laini hushuka mezani kwa sababu mpigaji ameuongezea mzunguko wa mbele, na mzunguko huo ndio unaouvuta chini. Wewe huna uwezo wa kuuongezea mpira mzunguko wa namna hiyo kwa vipele virefu. Mpira wako unaondoka na mzunguko wa nyuma, ambao huufanya uelee, na meza ina mita 2.74 tu, ukiupiga kwa nguvu hakuna kitu cha kuushusha. Kwa hiyo usipige. Simama karibu na meza, raketi ikiwa wima au imelazwa kidogo sana, uukute mpira unapopanda tu kutoka mezani, mkono ukiwa umelegea. Mpira ukija kwa kasi kubwa, rudisha raketi nyuma kidogo wakati wa kugusana, kama mtu anayedaka yai. Ukishaweza hilo bila kukosea, ndipo uongeze kukata: wakati wa kugusa, shusha raketi kwa ufupi, kiasi cha upana wa kiganja, na mpira utarudi ukiwa umekatwa zaidi na utadunda mfupi upande wake.

Kulaza raketi sana, kama ulivyojaribu, ni mazoea ya raba laini. Pale mpira hushika raba na kuruka juu, ndiyo maana tunalaza. Kwenye vipele virefu hauruki hivyo, na ukilaza unaupeleka wavuni.

Mpira uliokatwa, ambao ndio uliokugharimu pointi 5, unahitaji uamini kitu ambacho mkono wako unakikataa. Raba laini imekufundisha kwamba mpira uliokatwa ukigusa raketi hushuka, kwa hiyo lazima uuinue. Kwa vipele virefu haushuki kwa kiasi kile, kwa sababu vipele haviushiki. Simamisha raketi karibu wima, au ifungue kidogo tu kama mpira uko chini ya wavu, na uusukume mbele kwa mstari ulionyooka, kana kwamba unafunga droo ya meza. Hapo mzunguko wake wa nyuma unageuka kuwa wa mbele kwa upande wako, na mpira unashuka wenyewe mezani. Utaona ajabu mara ya kwanza.

Vile vipele viwili vyenye ufa vichunge. Vikikatika, mwamuzi anaweza kuikataa raba. Raba ya zamani hukauka na kuvunjika kwenye shina, hasa ikiachwa ndani ya gari juani, kwa hiyo isafishe kwa maji na mswaki laini, uifunike, na uanze kuweka akiba ya kununua nyingine.

Mama wa Soweto (Moshi)

Naomba niongeze la vitendo, kwa kuwa ninacheza na vipele virefu tangu nilipojifungua mtoto wangu wa pili na kasi ya miguu ikapungua. Mdogo wangu, maelezo ya Mzee ni sahihi, ila mkono hausomi. Unahitaji sikio.

Mwombe mwenzako akuvutie mipira ya bekihendi, ile ile, kona ile ile, bila kubadilisha. Wewe zuia tu, na usikilize. Mpira uliokutana vizuri na vipele juu ya sponji nyembamba hutoa mlio mkavu wa mbao, "ko". Ukiwa umesugua, mlio unakuwa mzito na mrefu kidogo, kama mtu aliyeburuta kandambili sakafuni. Sisi tulifanya hivi ukumbi ukiwa na watu wawili tu, asubuhi, kabla redio ya mlinzi haijawashwa. Nilikuwa ninahesabu milio ya "ko" peke yake, na mpira uliotua mezani kwa mlio mbaya sikuuhesabu. Wiki ya kwanza sikufika kumi mfululizo.

Zoezi la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na linahusu kona yako ya kushoto. Mwenzako akate, wewe usukume kwa vipele, yeye akate tena, wewe usukume tena. Mchezaji asiyekufahamu akiona umesukuma anadhani umekata, kwa sababu mkono wako umekwenda kama wa mtu anayekata. Naye anafungua raketi yake kukata tena, ilhali mpira unaomjia una mzunguko mdogo wa mbele, kwa hiyo unamruka juu ya wavu kwa kiasi cha mkono mzima. Mpira huo usiupige kwa vipele! Hamisha miguu, uje na fohendi. Huku kwetu nimeona watu wakilaumu meza.

Pale utakapokwama ni kwa mpinzani mwerevu anayekuletea mpira mtupu, usio na mzunguko wowote, mrefu na wa polepole, kwenye vipele vyako. Hapo huna cha kumgeuzia, na ukisukuma kwa nguvu unaelea. Dawa yake ni mbili: ama usukume taratibu na chini kwenye kona ya mbali, ama uigeuze raketi kiganjani ili uso laini uje upande wa bekihendi. Mtazame Manika Batra wa India, mshindi wa dhahabu ya mmoja mmoja wanawake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2018: yeye ana vipele virefu upande wa bekihendi, na huigeuza raketi katikati ya mchezo hata mpinzani asijue ni uso upi uliogusa mpira. Mimi ninafanya mazoezi ya kugeuza nikiwa nimekaa kwenye kochi nikitazama taarifa ya habari. Wanangu wameshazoea.

Msafiri wa Himo

Ninakubali kwamba nilidhani vyote ni kitu kimoja. Hata hivyo bado ninaona ni vigumu kwa mtu kujifunza lugha mpya ya bekihendi akiwa na miaka sita ya mazoea ya nyingine.

Mwana wa Rau (Moshi)

Wiki tatu zimepita, nami nimeona ni adabu kuleta taarifa. Ndugu wa Himo ana hoja, kwa sababu wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unashuka kuelekea gotini kabla sijauamuru. Niliukomesha kwa kusimama tumbo likiwa karibu kabisa na ukingo wa meza, kiasi kwamba mkono ukishuka unagonga mbao. Baada ya siku nne za kujiumiza vidole ukaacha. Mpira wa kukatwa sasa ninausukuma kama nilivyoelekezwa, na kosa lililobaki ni kuupeleka mrefu pale unapokuwa mtupu, kama Dada wa Soweto alivyotabiri. Mlio wa "ko" nimeusikia. Rekodi yangu ni 14 mfululizo.

Mpinzani wangu wa kila Jumamosi, yule wa kona ya kushoto, alipoteza seti mbili kwa mara ya kwanza mwaka huu, kisha akadai kwamba raketi yangu si halali na kwamba ninamfichia upande wenye vipele. Tuna mashindano madogo ya ukumbi mwezi ujao. Je, ana haki ya kukataa nisiitumie?

Mzee wa Sakina (Arusha)

Hana haki ya kukataa, ila ana haki ya kuitazama. Raba yako ina alama, upande mmoja ni mweusi na wa pili ni mwekundu, kwa hiyo kanuni ya rangi umeitimiza. Kanuni hiyo ya rangi mbili ilianza miaka ya 1980 kwa ajili ya malalamiko kama haya ya kwake, kwa kuwa zamani watu walikuwa na raba mbili tofauti zenye rangi moja, wanaigeuza raketi na mpinzani hajui kilichompiga. Siku hizi anajua: mweusi ni vipele. Kabla ya mchezo mwonyeshe yeye na mwamuzi, mwache apitishe kidole juu ya vipele kadiri apendavyo, nawe umwombe uione yake. Ila vile viwili vyenye ufa, mwamuzi mkali ataviona kabla yake. Badilisha raba kabla ya mwezi ujao.